Maman Marceline na Redio ya Vilio

Nyumba yetu na nyumba ya Maman Marceline zinashika ukuta mmoja. Ni nyumba za zamani za wafanyakazi wa kiwanda, hapa Kikula, zilizojengwa mbili mbili, na ule ukuta wa katikati ni mwembamba hata akikohoa upande wake, mimi huku najua kama ni moshi wa makaa au ni baridi. Haya ni maisha yake jinsi nilivyoyaona na kuyasikia kutoka upande huu.

Alizaliwa njia ya Mulungwishi, baba yake alikuwa akipika kwenye shule za misheni. Akaolewa na Papa Cyrille, fundi wa umeme wa kiwanda, mkatoliki, naye akafuata misa ya mume. Watoto wao wako Lubumbashi na Kolwezi. Kazi ya kiwanda ilipoanguka na mume akarudishwa nyumbani, vitumbua vya Maman Marceline ndivyo vilivyolisha watu, na mkono wake wa kushoto una madoa ya mafuta mpaka kwenye kiwiko. Ni mwanamke wa mwili, wa hatua fupi na sauti ya chini. Nilipoletwa hapa na Idrissa, mume wangu, nikaingia katika ukoo wa waislamu wa Kasongo ambao wote wanajua biashara na malori na mimi sijui kitu, yeye ndiye wa kwanza kuja na sahani iliyofunikwa.

"Weye njo bibi ya Idrissa?" akaniuliza. "Mudogo hivi? Alikutoa ku masomo?"

"Hapana, Maman. Masomo yenyewe iliniacha, darasa la sita."

Akacheka, akaketi. Tangu siku hiyo akaniita mwana wake.

Papa Cyrille alikuwa mtu wa redio. Kila jioni, saa kumi na mbili, alitoa mlangoni fotei yake, kiti cha mikono cha miguu mifupi, akaweka redio magotini, redio yenyewe imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke tumbo, akasikiliza matangazo ya vifo. Kwetu watu wengi husikiliza hivyo. Si kwa kupenda msiba. Ni kwa kuogopa kukosa kilio, matanga ya mtu, maana asiyeonekana kwenye kilio, watu hujiuliza sababu, na sababu wanayoipata ni uchawi.

Binti yangu Mayimuna alitembea mapema, lakini kwa ncha za vidole, kama mtu anayevuka mahali penye maji. Hakuangalia macho ya mtu. Mashine ya kusaga unga ikianza kuunguruma njia ya pili, aliziba masikio akalia mpaka sauti ikamkauka. Viatu vya wageni alivipanga mstari mlangoni, kisigino kwa kisigino, na mgeni akichukua kiatu chake katikati ya mstari, siku yetu imeharibika. Neno hakuna. Mama hakuna, baba hakuna. Akitaka maji alishika mkono wangu akaupeleka kwenye kikombe, kama mkono wangu ni kijiko.

Mahali pamoja tu alitulia: kwenye kiti kidogo kando ya fotei ya Papa Cyrille, saa ya redio. Alipita mwenyewe kwenye upenyo wa ua. Mzee hakumshika, hakumwuliza jina, hakumlazimisha kusalimia. Alimsogezea kiti tu, akaendelea kusikiliza.

Jioni moja, alikuwa amepita miaka mitano, nilikuwa ninaanua nguo. Betri za redio zilikuwa zimekwisha na Papa Cyrille alikuwa akiigonga. Nikasikia:

"Familia inasikitika kujulisha wazazi, ndugu na marafiki kifo cha Papa Cyrille, kilichotokea asubuhi ya leo. Kilio kiko nyumbani kwake, Kikula. Mwenye kusikia amwambie mwenzake."

Yote kwa mkupuo, kwa mdundo wa yule mtangazaji wa jioni, hata na kikohozi chake kidogo kabla ya neno "kifo". Lakini redio ilikuwa imekufa. Sauti ilitoka kwa mwanangu.

Papa Cyrille alifikiri kidogo, akajibu kama mtu wa ofisi:

"Tunapokea. Marehemu atakuya yee mwenyewe."

Mayimuna akapigapiga ncha za vidole vyake, kama anavyofanya akifurahi. Maman Marceline alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi sikucheka. Nguo ilikuwa imeniponyoka. Mtoto wangu amesema, na neno lake la kwanza ni kifo cha mtu.

Ikawa kila jioni. Si kwa mzee peke yake. Mtu yeyote aliyekaa karibu naye bila kumsumbua, akisikia jina lake, alimweka ndani ya tangazo. Alimtangaza Maman Marceline na sinia yake ya vitumbua. Alimtangaza Idrissa siku aliyorudi na lori kutoka mpaka wa Kasumbalesa, mwenzangu akaacha bukari, ugali wetu, kwenye sahani akatoka nje kuvuta hewa.

"Njo salamu yake," Maman Marceline aliniambia. "Anakutia mu radio sababu anakupenda."

Mimi hakunitangaza. Niliogopa anitaje, na iliniuma hanitaji.

Bombani wanawake walinipa jina. Aliyeanza ni Marlène, wa nyumba ya ng'ambo ya njia, mwenye ulimi mwepesi.

"Mama Radio, leo nani anakufa?"

"Leo courant ya umeme inakatika," nilijibu. "Hakuna habari."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, ndoo kichwani.

Shule ya kwanza walimrudisha kabla ya mapumziko ya asubuhi, wakisema anaharibu wenzake. Kituo cha afya walimpa dawa ya minyoo. Ni Maman Marceline aliyemleta Jenny, binti wa parokia yao aliyesomea Lubumbashi kufundisha watoto wa namna hii. Jenny hakumwita Mayimuna. Alivua viatu vyake, akaketi chini, akavipanga mwisho wa mstari, kisigino kwa kisigino. Walikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema nami:

"Banaita autisme, Mama Mayimuna. Haiko laana, haiko ugonjwa ya kuambukiza. Kichwa yake inapokea vitu kwa njia ingine."

"Itaisha?"

"Ataendelea kuwa yee. Lakini atajifunza mingi, kama hatumufungi kinywa. Ile radio njo mulango yake. Tuingilie pale."

Jenny alikuwa na watoto wengine kama Mayimuna, mmoja nyumba hii, mwingine nyumba ile, wengi wamefichwa chumba cha nyuma. Hakuwa na mahali pa kuwakusanya. Ukumbi wa parokia ulikuwa na kwaya kila siku. Maman Marceline akageuza kichwa, akaangalia salon yake, sebule ya mbele.

"Mu salon yangu?" akasema Papa Cyrille. "Na fotei yangu itaenda kulala wapi, ku jela?"

Lakini ile wiki akaanza kusogeza kabati. Alisema mvua ikiisha watoto waje.

Mvua haikuisha naye. Alikufa Ijumaa asubuhi, kwa kile kifua alichotoka nacho kiwandani. Nilijua kwa ukuta. Kwanza kikohozi kilichokatika katikati, halafu kimya, halafu sauti ya Maman Marceline ikipanda. Nilikaa chini na Mayimuna mapajani nikamlilia mzee, na ndani ya machozi yale yale woga uliingia kama maji chini ya mlango. Jana jioni Mayimuna alimtangaza. Jana jioni, "kifo cha Papa Cyrille, kilichotokea asubuhi ya leo", na Marlène alikuwa anapita na ndoo.

Nilipokwenda bombani, hakuna aliyeniita Mama Radio. Walisogea. Waliniachia nafasi ya mbele kabisa, mahali ambapo watu hugombana tangu kabla ya jua, na hakuna ndoo iliyogusa ndoo yangu. Nilijaza nikaondoka.

Nilimpigia Idrissa. Alikuwa amekwama na lori kwenye foleni ya mpaka.

"Musitoke nje mpaka nafika," akasema. Nikasikia anapumua. "Samira, funga mlango."

Mchana akafika Lambert, mdogo wa marehemu, muuza samaki wa ziwa la Tshangalele, na gari limejaa ndugu. Ni mtu mrefu, mpole wa sura, na aliuliza maswali kwa upole. Kaka yangu alikuwa anakula nini? Alikuwa anakaa na nani? Nilikuwa nimeweka sikio ukutani. Aliyejibu ni Marlène.

"Mutoto ya hapa chini ya ukuta alimutangaza jana. Na mbele ya jana. Kila siku anamuita, mpaka mwenyewe anaitika."

Halafu Lambert:

"Balete ule mutoto nimuone. Kisha maziko tunamupeleka ku chambre ya maombi. Kama mama yake anakatala, tutajua kama bachawi beko babili."

Chambre ya maombi, chumba cha kuwatoa watu uchawi, ninaijua. Iko nyumba moja, si mbali, siiandiki jina. Mtoto wa njia ya chini alipelekwa huko. Walimnyima chakula na maji ili kile kitu kimtoke, wakampigia kelele masikioni usiku na mchana. Alikuwa mtoto wa kuimba. Alirudi haimbi, na mlango ukifunguliwa anajifunika kichwa. Na mwanangu hawezi kuvumilia hata mashine ya unga.

Nilifikiri kukimbia. Mjomba wa Idrissa ana duka karibu na soko, angetupokea. Nilitia nguo za Mayimuna ndani ya mfuko. Halafu nikakaa juu ya mfuko, kwa sababu nilijua: jirani wa ukuta mmoja akikosekana kwenye kilio, hakuna tena anayeuliza. Kukimbia ni kukubali. Na kwenda peke yangu nisingeweza, kumwacha Mayimuna nyumbani na nani? Basi nilijifunga kitambaa cha kichwa, nikafunga ncha ya kitenge changu kwenye mkono wake, nikasema bismillahi. Nilipanga tuonekane, tulie, tuondoke kabla ya saa kumi na mbili.

Turubai lilikuwa limekata njia nzima. Wanaume nje kwenye viti vya plastiki, wengine wakicheza dama, wanawake ndani kwenye mikeka. Maman Marceline alikaa chini pembeni ya ukuta, amefunikwa kichwa mpaka machoni, dada za mumewe kulia na kushoto. Mjane kwetu hainui sauti isipokuwa ya kulia. Fotei ya Papa Cyrille ilikuwa mahali pake mlangoni, kofia yake juu yake, na redio. Hakuna aliyeikalia. Wenyewe wa kuikalia, wajukuu, walikuwa bado njiani kutoka Kolwezi.

Niwaeleze hili, kwa asiye wa kwetu. Kilio cha Katanga kina watu wake wa kuchekesha, nao ni wajukuu. Wana ruhusa. Wanavaa kofia ya marehemu, wanaiga mwendo wake na kikohozi chake, wanawatania wakubwa, na anayetaniwa sharti atoe kitu. Hawana kosa. Anayemkasirikia mjukuu kwenye kilio, aibu ni yake. Lakini siku ile wajukuu hawakuwepo, na kilio kilikuwa kizito bila wao, watu wanaangaliana.

Tulilia, tulikaa. Nilipoinuka kuaga, dada mmoja wa marehemu alinishika bega.

"Kaa. Papa Lambert anakula, kisha anakuya."

Waliita mara nyingi: Papa Lambert, maji ya mikono. Papa Lambert, bukari. Alikula taratibu. Kivuli cha turubai kilirefuka. Mayimuna alianza kujitikisa mbele na nyuma, na mimi nilijua anahesabu nini. Hana saa, lakini saa kumi na mbili anaijua kuliko mnara wa kanisa.

Lambert alikuja akasimama mbele yetu, akifuta vidole.

"Njo huyu?"

"Ndiyo, papa."

"Mwambie aniangalie."

"Hajui kuangalia mtu, papa."

"Hajui ao hataki?"

Fundo la kitenge lilikuwa limelegea, sijui tangu lini. Mayimuna aliinuka akanitoka, kwa ncha za vidole, akapita katikati ya wanawake bila kumgusa hata mmoja, moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti kidogo kando ya fotei. Hakuna aliyekuwa amekiondoa. Akaketi. Akageuza kitufe cha redio. Redio ya nyumba yenye kilio haifunguliwi, walikuwa wameitoa betri. Akageuza tena. Halafu nikamsikia akikohoa, kile kikohozi kidogo.

Niliruka. Mkono wangu ulikwenda kinywani mwake ukachelewa.

"Familia inasikitika kujulisha wazazi, ndugu na marafiki kifo cha Papa Lambert, kilichotokea asubuhi ya leo. Kilio kiko nyumbani kwake, Kikula."

Wale wa dama walisimamisha vidole hewani. Mtoto mchanga mmoja alikuwa akinyonya, nilisikia anavyonyonya. Uso wa Lambert ulibadilika rangi kuanzia mdomoni. Nyuma yake mwanamume mmoja aliinuka kwenye kiti, na mwingine.

"Munasikia?" Lambert alisema, polepole kabisa. "Munasikia na masikio yenu."

Mayimuna alikuwa bado ameinua kidevu. Alikuwa anangoja. Sikuelewa anangoja nini, mpaka sauti ilipotoka chini, pembeni ya ukuta, sauti iliyokauka kwa kulia.

"Tunapokea. Marehemu atakuya yee mwenyewe."

Maman Marceline alikuwa amejifunua kichwa. Dada za mumewe walimvuta nguo, hakuwaangalia.

"Mwenye kusikia amwambie mwenzake," akamaliza Mayimuna, akapigapiga ncha za vidole.

"Munashangaa nini?" Maman Marceline aliwauliza. "Hamujaona mujukulu ku kilio?"

Nilihesabu nafasi ya mlango, watu waliokuwa kati yangu na mlango. Halafu shangazi mzee wa marehemu, aliyekuwa amelala kwenye mkeka tukidhani hasikii, alianza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka.

"Lambert, weye unakufa asubuhi na shiye hatuna habari? Na bukari ulikula saa hii ilienda ku tumbo ya nani?"

"Na samaki yake," mwanamke mwingine akasema, "anatuachia nani?"

Kicheko kilipita kwenye mikeka kama upepo kwenye majani makavu, kikatoka nje kwa wanaume. Marlène peke yake hakucheka.

"Huyu muislamu," alisema. "Atakuwa mujukulu ya Papa Cyrille namna gani?"

"Kila jioni alikaa pale," Maman Marceline alijibu. "Bajukulu ya damu beko Kolwezi, banaita ku telefone siku ya sikukuu. Huyu alikaa. Sema weye, Marlène, ulikuwa unapita na ndoo kila siku: nani alikuwa mujukulu?"

Marlène aliangalia mkeka.

Sasa macho yote yalikuwa kwa Lambert. Angekasirika, angekuwa mtu mzima anayepigana na mjukuu. Alijua. Niliona anavyotafuta mahali pa kuweka mikono.

"Mujukulu anangoja," shangazi akamkumbusha.

"Anataka nini?"

"Radio," akasema Maman Marceline.

Ndugu walikuwa wameshaweka pembeni vitu vya marehemu vya kwenda navyo ziwani: baiskeli, vyuma vyake vya kazi, na ile redio. Ndiyo desturi, mjane habaki na vitu vya mume. Lambert aliiangalia redio ile na mpira wake wa baiskeli kwa muda. Mayimuna alikuwa amempa mgongo, anapanga viatu.

"Achukue," alisema.

Watu walipiga makofi. Alipopita kando yangu aliinama, kama mtu anayetoa pole, na maneno yake niliyasikia mimi tu.

"Mama, siku minye nitagonjwa, njia ya kurudia hapa ninaijua."

Kesho yake walizika. Wajukuu wa Kolwezi walifika, wakavaa kofia, wakaiga kikohozi cha babu mpaka makaburini, wakampa Mayimuna viatu vyao vyote avipange. Chambre ya maombi hakuna aliyeitaja.

Kilio kilipokwisha, nilimwuliza Maman Marceline jikoni kwake, akichanganya unga:

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mpaka miguu ilikufa. Uliona nilisimama? Sikuweza." Aliendelea kupiga unga. "Sasa uombee Lambert afya, mwana yangu. Minye pia ninamuombea."

Sijapata kumwombea mtu afya kama ninavyomwombea Papa Lambert wa Tshangalele. Kwenye kila swala. Wauza samaki wakishuka sokoni ninawauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, Papa Lambert anaendeleaje? Wananiambia amenenepa. Ninasema alhamdulillah. Mtu mzima ni mtu mzima. Atakohoa siku moja.

Maman Marceline alivua nguo za kilio, akatoa kabati kwenye salon, akamwita Jenny. Watoto walianza kuja mchana, kidogo kidogo. Wa kwanza ni François, kijana mkubwa asiyesema, anayezungusha kifuniko cha sufuria akikisikiliza kinavyolia chini. Halafu Khadija, mdogo, anayekula vitu vyeupe tu. Mama zao waliingia kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na sahani mkononi, kusudi aonekane anakuja kununua vitumbua. Jenny alichora picha za mambo ya siku, maji, kula, kunawa, kurudi nyumbani, akazibandika ukutani kwa mstari, na Mayimuna ndiye anayezilinda zisipindike. Sasa akitaka maji analeta picha ya maji. Mkono wangu umepumzika.

Halafu Maman Marceline akataka tangazo kwenye redio.

"Maman, usitaje mahali," nilimwambia. "Watakuja na wengine. Watakuja wale wa chambre."

"Batakuya. Nitabakaangia vitumbua."

"Sichezi, Maman."

"Na minye sichezi. Benzetu banafungia batoto mu chumba ya nyuma, Samira. Batajua namna gani kama tuko hapa?" Alinishika mkono na mkono wake wa madoa. "Weye mwenyewe, kabla Jenny hajakuya, ungelipa nini kusikia ile neno mu radio?"

Nilitoa mkono wangu, nikaenda kuangalia komeo la mlango.

Tangazo lilisomwa wiki hii, saa kumi na mbili, katikati ya vifo viwili. Yule mtangazaji alikohoa, akasema: wazazi wenye watoto wanaochelewa kusema, ao wanaosema kwa njia yao, wanakaribishwa kwa Maman Marceline, Kikula, njia ya bomba. Mwenye kusikia amwambie mwenzake.

Maman Marceline alikuwa salon, ndani ya fotei, redio magotini. Mayimuna kwenye kiti chake. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, ninaangalia njia kupitia ufa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nilishika komeo. Ng'ambo, pazia la Marlène lilisogea, likarudi.

Maman Marceline akazima redio. Nikasikia mwanangu anakohoa.

"Familia inasikitika kujulisha wazazi, ndugu na marafiki kifo cha mama Samira."

Sauti yake ilikuwa safi, kubwa, ya kufika mpaka njiani. Miaka yote hii hajaniita. Nilitaka kufunga dirisha, nilitaka kumfunga kinywa, nilitaka aseme tena.

"Kilichotokea asubuhi ya leo. Kilio kiko nyumbani kwake, Kikula."

Akainua kidevu akangoja. Nilimwangalia Maman Marceline ajibu. Alikuwa anafunga mpira wa baiskeli kwenye redio, kama asiyesikia.

Niliachia komeo.

"Tunapokea," nilisema. Haikutoka vizuri, nikarudia. "Tunapokea. Marehemu atakuja mwenyewe."

Nikaja, nikaketi chini kando ya kiti. Mayimuna alipigapiga vidole. Hakuniangalia. Alishika mkono wangu, kama zamani, kama kijiko, akauweka juu ya redio iliyokuwa bado na joto.

Nje pikipiki ilipunguza mwendo, ikasimama mbele ya ua wetu. Mtu alishuka, hatua zikaja mpaka mlangoni zikasita, halafu sauti ya mwanamke, ndogo, ya mtu anayeogopa kama mimi, ikauliza kama ni hapa.